Rangi Mbichi Haitoki Langoni

Msasa hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi. Mafundi wa rangi wamejaa mjini, wote wanashika msasa mpaka vidole vinapoteza alama, na hakuna hata mmoja anayeitwa hivyo. Yeye alilipata kwa sababu ya ulimi. Ukizungumza naye kidogo tu, unaondoka umechubuka. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, anaulizwa kama mama yake alimzaa njiti. Mteja akisema rangi anaiona imekoza, anaelekezwa kwa daktari wa macho, maana gereji haitibu watu. Na bado walirudi, wakinung'unika, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na rangi yake ilikaa.

Gereji yenyewe ilikuwa ua wa matofali yasiyopigwa lipu, mabati yamefunika nusu, na sakafu ya saruji yenye madoa ya kila rangi iliyowahi kupita pale. Upande wa ndani wa lango aliandika mwenyewe kwa brashi, herufi kubwa: RANGI MBICHI HAITOKI LANGONI. Hakuna aliyewahi kumshinda hapo. Bwana harusi mmoja alisimama uani na suti yake huku gari la maharusi likikauka, akabembeleza, akafoka, mwisho akalia. Msasa akamletea kiti. "Kaa ulie vizuri," alimwambia. Yule bwana akaenda kuoa kwa teksi. Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi ambaye walianzisha gereji pamoja, husimulia kisa hicho mpaka leo, na huwa anaongeza chumvi kidogo kila mara.

Sasa, mtu wa namna hiyo utadhani hamhitaji yeyote. Msasa alimhitaji mtu mmoja, dada yake, na huyo ndiye ambaye hakuwa naye.

Mama yao alifariki Msasa akiwa bado anavaa kaptura. Dada akamlea kwa cherehani. Yeye alishona, mdogo wake akikaa chini ya meza kuokota vifungo na kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Alipoanza kujifunza kazi ya rangi alirudi nyumbani kila jioni akijigamba. "Dada, mimi nikiliangalia gari najua limetoka wapi." Dada akaona isiwe tabu, wakawa wanatoka barabarani kumjaribu. "Haya, soma lile." Naye anasoma: hili hulala chini ya mti, hili dereva wake hajui kurudi nyuma, hili limekwaruzana na ukuta halafu mwenyewe anamsingizia jirani. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Vitabu vimekushinda," alimwambia, "lakini magari unayasoma."

Kisha akaja shemeji. Alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupumzika, mwenye maneno machache na yote baridi. Wiki ya kwanza tu ya ndoa alitamka, "Mimi nimeoa mke, sikuoa na shemeji," akahamishia godoro la Msasa kwenye stoo ya viatu na ndoo. Msasa akalibeba godoro lake kichwani na kuondoka. Miaka ikaenda. Alikuja kuwasalimu mara moja moja, na kila alipokuja paliwaka moto, hadi siku ile mezani shemeji aliposema kwamba chakula kinanuka thina ya rangi tangu mgeni aingie. Msasa hakujibu kwa mdomo. Alishika bakuli la mchuzi na kulimwaga juu ya shati lililopigwa pasi.

Dada ndiye aliyesimama. "Toka," alimwambia. "Usirudi mpaka ujifunze adabu."

Msasa alitoka, na hakurudi. Aliyefukuzwa ndiye anayestahili kuitwa, ndivyo alivyojiambia. Dada naye alijiambia kwamba aliyekosa ndiye anayestahili kubisha hodi. Walitoka tumbo moja, na ukaidi wao ulitoka humo humo. Alichokuwa akingoja Msasa ni neno moja tu la dada, hata tusi, mradi liwe limetumwa kwake.

Badala ya neno akamwona shemeji anaingia langoni asubuhi moja na gari lake la bluu iliyoiva, lile alilokuwa akilifuta kwa kitambaa laini utadhani ni mtoto mchanga.

"Umepotea njia?" Msasa alimpokea.

"Boneti imeliwa na kokoto."

"Mafundi wamejaa mjini."

"Najua. Nimeambiwa nilete hapa."

Neno hilo Msasa alilisikia, akalipuuza, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshatua kwenye boneti. Akazunguka gari mara moja. Kisha, akiwa amempa shemeji mgongo, akauliza kama mtu anayeulizia tairi la akiba, "Dada hajambo?"

"Yupo."

"Yupo ndiyo nini? Hata meza ipo."

"Nimesema yupo. Fanya kazi uliyoletewa." Shemeji akaweka funguo juu ya pipa, hakumpa mkononi. "Nitalifuata mchana."

"Utalifuata likikauka. Kusoma si unajua?"

Shemeji alilitazama lango, akaenda zake kwa miguu.

Msasa alipobaki na gari, aliinama. Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa tamu. Alama ya kokoto si doa tu. Iliyopigwa jana hung'aa, bati tupu linaonekana. Ya zamani kidogo imeanza kuingia kahawia pembeni. Ya zamani zaidi kutu imeshachimba chini ya rangi na kuiinua. Gari hili lilikuwa nazo za kila umri, zimepandana. Maana yake lilipita njia moja, likarudi, likapita tena. Na zilikuwa za kina, zimetoboa rangi hadi praima, ile rangi ya msingi, na praima hadi bati, kwa hiyo dereva alikuwa akikimbia. Chini ya milango kulikuwa na vitone vya lami mbichi vilivyoganda. Lami mbichi na kokoto za kumwagwa zilikuwa mahali pamoja tu siku zile: barabara ya mlimani.

Barabara ya mlimani ilijulikana. Pande zote mbili nyumba za wageni zimejipanga, zenye mapazia mazito na maegesho ya nyuma, mahali ambapo watu wenye siri huzipeleka siri zao kupumzika.

Msasa akafungua mlango. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimesukumwa nyuma na kulazwa kabisa. Juu yake kulikuwa na mto wenye foronya ya maua.

Roho ikamsuuzika. Sitasema alisikitika kwa ajili ya dada yake, maana hakusikitika, si wakati ule. Alifurahi. Mtu wa pasi, mtu wa maneno baridi, kumbe naye ana nyumba ndogo mlimani na mto kabisa ameubeba! Dada akijua atamtoa mbio. Akishamtoa, mlango uko wazi, na atakayeitwa ni nani kama si mdogo wake?

"Njoo uone," alimwita Nyundo, akamwonyesha moja baada ya nyingine, alama, lami, kiti, mto.

Nyundo alijikuna shingo. "Kokoto zinasema njia. Hazisemi safari."

"Wewe gonga mabati yako."

"Nagonga. Ila heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe huo wako hauna hata kiatu."

Kazi hata hivyo Msasa hakuiharibu. Chuki yake ilikuwa kwa mwenye gari, na gari lilikuwa likimbeba dada. Aliliosha, akafuta nta yote ya polishi ambayo shemeji alikuwa akilipaka kwa mapenzi, maana rangi haishiki juu ya nta. Akakwangua kutu ndani ya kila kidonda kwa ncha ya kisu, taratibu, akatia praima. Bluu aliichanganya mwenyewe, akaipeleka juani, akairudisha kivulini, akaongeza tone la nyeusi. Aliitia kwa kijiti cha meno, tone kwa tone, tabaka jembamba, akangoja, tabaka jingine. Na kila tone alilotia aliongeza neno kwenye hotuba atakayompa shemeji. Kufikia wakati wa kumalizia kwa klia, ile rangi ya juu isiyoonekana ambayo ndiyo hung'arisha na kulinda, hotuba ilikuwa imekamilika.

Mchana shemeji akarudi. Uani kulikuwa na wateja kadhaa wamekaa kwenye benchi, na Nyundo na vijana wake walikuwa mapumzikoni. Msasa hakuweza kuomba mkutano mzuri zaidi ya huo.

"Nipe funguo," shemeji alisema. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Klia ni mbichi."

"Sijali. Nahitaji gari sasa hivi. Nikichelewa sitaruhusiwa kuingia."

"Ooh!" Msasa aligeukia benchi. "Mmesikia? Hataruhusiwa kuingia. Siku hizi nao wana saa za kufunga?"

"Nani?"

"Hao wa mlimani! Unadhani mimi ni kipofu? Gari lako limepanda barabara ya gesti likashuka, likapanda likashuka, tena mbio, kama mbuzi dume. Kiti umekilaza. Mto umebeba, wa maua! Mto wa nyumbani kwa dada yangu unaupeleka gesti, mzee mzima, huna hata aibu ya kununua mwingine?"

Benchi lilicheka. Mteja mmoja akapiga makofi. Msasa alikuwa bado na maneno, mazuri zaidi, aliyoyaweka akiba, lakini hakuyafikia. Shemeji alimkamata ovaroli kifuani na kumbana kwenye ukuta wa matofali.

"Ukimaliza gesti ya mwisho," alisema, "barabara ile inaishia wapi?"

Msasa alijaribu kuibandua mikono ile.

"Nakuuliza! Si unajua kusoma? Inaishia wapi?"

Kila mtu pale alijua. Kicheko kwenye benchi kilikatika. Barabara ya mlimani inaishia kwenye geti la hospitali kubwa, ile wanakopelekwa walioshindikana kwingine.

"Kiti nimekilaza kwa sababu hawezi kukaa," shemeji alisema. "Mto ni wa mgongo wake. Nilikuwa naenda polepole, naonea huruma rangi, mimi mjinga, mpaka siku alipoanza kulia njiani. Tangu hapo nakimbia. Ndizo hizo alama zako. Wamemlaza tangu juzi."

"Kwa nini hamkuniambia?" Msasa aliuliza.

"Amenikataza. Nilisema nikupigie simu, pamoja na mdomo wako mchafu, nikupigie. Akasema hataki uitwe kwa huruma. Akasema, 'Mpelekee gari. Akiliona atalisoma, akilisoma atakuja mwenyewe. Mdogo wangu anasoma magari.'" Shemeji akamwachia, akapangusa mikono kwenye suruali kana kwamba ameshika uchafu. "Hayo ndiyo aliyoniambia. Na wewe umesoma gesti."

Neno alilokuwa akilingoja miaka yote lilikuwa limesimama mbele yake tangu asubuhi, juu ya magurudumu manne, naye alikuwa amelifuta kwa kitambaa na kulichekea. Msasa alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ilikuwa saruji yake mwenyewe.

Akachukua funguo juu ya pipa, akamtupia shemeji. Akatia mfukoni kichupa cha bluu, kichupa cha klia na vijiti vya meno, akaenda kufungua lango.

"Msasa," Nyundo alisema kwa upole. "Rangi ni mbichi."

"Najua kilichoandikwa. Nimeandika mimi."

Waliondoka pamoja, shemeji akiendesha, Msasa ameupakata mto. Walipofika kwenye kokoto, shemeji akapunguza mwendo, kwa mazoea tu, mkono wa mtu aliyelipenda gari lake.

"Kanyaga," Msasa alisema.

"Kazi yako itaharibika."

"Nimekuuliza habari ya kazi? Kanyaga mafuta, kobe wewe!"

Shemeji akakanyaga. Lori lililokuwa mbele likawamwagia mawe, na kila moja lilipogonga boneti Msasa alilisikia kifuani. Hakufumba macho. Waligombana kuhusu kulipita lile lori, wakagombana kuhusu kona, wakagombana getini kuhusu mahali pa kuegesha, na waliingia wodini wakiwa bado wananong'onezana matusi.

Dada alikuwa amelala ubavu, dirishani. Alikuwa amekonda kiasi kwamba Msasa alimtafuta kwanza kwenye kitanda kingine. Lakini macho yalikuwa yale yale, na hayakumwonea huruma.

"Umechelewa," alisema. "Gari liliondoka asubuhi."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ukaona nini?"

Msasa alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani, na hakukusudia kumsaidia.

"Mwambie," alisema. "Mwambie ulichoona."

Msasa alikunja ncha ya shuka, akaikunjua. "Niliona gesti, dada," alisema mwisho. "Nilidhani ana mwanamke huku juu."

Dada alimkodolea macho, kisha akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia shati hadi viatu. "Huyu?" alisema. "Nani angemchukua huyu?" Akaanza kucheka. Alicheka akishika mbavu, kama zamani barabarani, mpaka kicheko kikageuka maumivu na muuguzi akaja mbio, akawatazama wanaume wawili kwa jicho la kuwafukuza.

Maumivu yalipotulia dada alisema, macho yamefumba, "Kesho wananipasua."

Shemeji alimvutia shuka mabegani.

"Ndiyo maana nilitaka lile gari litengenezwe. Litakapokuja kunichukua liwe safi. Nikitoka humu nimekaa au nimelala, liwe safi, sitaki majirani wanione nimeingia na gari lenye ndui." Akafumbua jicho moja. "Haya, liko safi?"

Wanaume wakatazamana.

"Mmelileta bichi," dada alisema. "Kwenye kokoto."

"Yeye ndiye aliyekanyaga mafuta," Msasa alisema.

"Yeye ndiye aliyesema nikanyage!"

"Tokeni," dada alisema. "Wote wawili. Mkalitengeneze."

"Dada, nimefika sasa hivi..."

"Toka. Usirudi mpaka liwe safi."

Lilikuwa karibu neno lile lile alilofukuziwa miaka ile. Msasa alitoka mbio kama aliyepewa zawadi.

Huko chini, kwenye maegesho, boneti ilikuwa aibu tupu. Vumbi limenasa kwenye klia, na vidonda vipya vimekaa katikati ya vile alivyotibu. Msasa aliomba maji na pamba kwa mlinzi, akasafisha, akapiga magoti kwenye changarawe. Upepo ulileta vumbi. Shemeji akatoa koti lake kiti cha nyuma, nalo la pasi, akalitanda juu ya boneti kama hema.

"Unaziba mwanga," Msasa alisema.

"Unalalamika kama bibi harusi."

"Sogea kushoto. Kushoto ni huku, mshenzi wewe, ghalani uliwekwa na nani?"

"Fanya kazi, mnuka thina."

Alichovya kijiti kwenye bluu. Kidonda cha kwanza kilikuwa kidogo, kama punje ya mchele, cha aina ambayo kwa miaka yote alikijaza bila kufikiri. Alikilenga. Kijiti kikagusa pembeni. Akafuta, akalenga tena, na tone likaanguka kwenye taa. Juu, kwenye dirisha la wodi, pazia lilikuwa limevutwa kando kidogo.

"Unatetemeka," shemeji alisema.

"Shika koti."

Akalenga mara ya tatu, na mkono ulikuwa unaruka kama wa mtu mwingine. Shemeji akaliachia koti upande mmoja, akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu, kama anayemkamata mwizi, na kijiti kikatua mahali pake.